Kulwa Hakuwa Mvivu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi mliokaa mbele mnaonifahamu, na asifiwe na ninyi mliosimama pale mlangoni kwa sababu mabenchi yamejaa. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji amenipa nafasi, nami nimemwomba anivumilie, kwa kuwa jambo nililo nalo leo sijawahi kulisema mbele ya watu. Nikishindwa katikati, wanakwaya mniimbie kidogo, kisha nitaendelea.

Naitwa Doto. Wengi mnanijua kwa cherehani, kule Gongoni, na sare hizi za kwaya mnazoziona nimezishona mimi. Lakini ninyi ni watu wa Tabora, mnayajua majina ya mapacha. Mkisikia mtu anaitwa Doto, mnauliza hapo hapo, Kulwa yuko wapi? Nimeulizwa swali hilo tangu utotoni, na kwa miaka hii ya karibuni nimekuwa nikijibu juu juu tu, nasema yuko nyumbani, halafu nabadilisha mazungumzo. Leo nimesimama nijibu vizuri. Kulwa amelala Igalula, nyuma ya nyumba ya wazazi wetu, upande wa shamba la mihogo.

Ndugu zangu, dada yangu alikuwa mtu wa kucheka. Mimi ndiye niliyekuwa mkimya. Tulipokuwa wasichana tulikuwa tunapeleka karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, stesheni wakati treni inapita, na Kulwa ndiye aliyekuwa na sauti. Anamwita abiria kama vile anamjua, anamuuliza habari za safari, anamtania kwa kilemba chake, na yule abiria anacheka na kununua. Mimi nilikuwa nabeba ungo tu. Tulilala kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa, na usiku wa kwanza bila yeye sikujua nigeukie upande gani.

Aliolewa na Masanja, mkulima wa tumbaku, mtu mwema, sina neno baya juu yake. Mimi nilikuja huku mjini kujifunza ushonaji, nikabaki. Tukawa tunaongea kwa simu, na mara kwa mara nilipanda treni kwenda kumwona. Kisha akajifungua mtoto wa kike, akamwita Limi. Nilifurahi kuliko mtu yeyote. Nikamshonea mtoto kofia na vigauni, nikaenda.

Niliyemkuta siye niliyemwacha.

Alikuwa amekaa kitandani ametazama ukuta. Nywele zilikuwa hazijachanwa, maziwa yamemwagikia nguo na kukauka, na mtoto yupo pembeni analia. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za safari. Lakini ile sauti ya stesheni haikuwepo. Nikamchukua mtoto, nikamwosha, nikapika uji. Kulwa alikunywa kidogo kwa ajili ya kuniridhisha, kisha akarudisha uso ukutani.

Watu walisema mengi. Kuna waliosema amelogwa na mwanamke aliyemtaka Masanja. Kuna waliosema anajidekeza. Mashemeji zake walisema ni uvivu, kwamba alizoea kucheka na abiria na sasa kazi ya nyumba imemshinda. Alipelekwa kwa mganga, akarudi na chale. Akapelekwa kwenye maombi, akawekewa mikono, akarudi vilevile. Masanja alikuwa na tumbaku shambani na mabani ya kukaushia ya kuangalia, hakuweza kulima na kulea na kumuuguza mtu asiye na homa wala kidonda. Mwishowe akamrudisha kwa mama yetu, kwa heshima, akisema, mama, nisaidie, akirudi kuwa Kulwa niliyemuoa nitakuja kumchukua.

Mama yangu ni mwanamke wa jembe. Alitulea peke yake baada ya baba kufariki, na dawa aliyoijua ya kila ugonjwa ni kuamka mapema. Alimwamsha Kulwa alfajiri, akampa jembe, akamtuma maji, akamwambia ajikaze. Kulwa alikuwa anafika katikati ya tuta anasimama, jembe mkononi, haendelei na harudi. Siku moja nikiwa hapo, Mama aliishiwa uvumilivu. Alimwambia, "Mtoto wako analia na wewe unatazama ukuta. Mimi niliwazaa wawili kwa mpigo, nani alinibeba? Uvivu huu umeutoa wapi?"

Kulwa hakukasirika. Alisema tu, "Mama, najua."

Mchana ule tulikaa wawili uani, tunachambua mlenda. Yaani mimi nachambua, yeye ameshika tu. Ndipo akaniambia neno ambalo mpaka leo liko masikioni mwangu. Alisema, "Doto, mtoto akilia namsikia. Namsikia kabisa. Ila mikono hainyanyuki."

Nilimshika ile mikono. Ilikuwa ya joto, mizima, mikono ileile iliyokuwa inawapungia abiria stesheni. Nilimwambia tutaomba. Nasi tukaomba, ndugu zangu, Mungu ni shahidi.

Masika yalipoanza, malaria ikapita Igalula kama kawaida yake. Kulwa alishikwa, na hakumwambia mtu. Alikuwa tayari ni mtu wa kulala, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Mama alipogundua kwamba mwanawe anawaka moto na maneno yanamtoka ovyo, walitafuta gari, wakamlaza kwenye turubai, wakaanza safari ya kumleta hospitali hapa mjini. Hawakuwahi. Mimi nilikuwa nimesimama getini pa hospitali nikiwasubiri, na gari lilipokuja nilimwona Mama amekaa nyuma, amempakata, wala hakuwa na haraka ya kushuka. Nikajua.

Tulimzika siku ya pili. Mama hakulia. Watu walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Alimchukua Limi, akamfunga mgongoni, akarudi shambani. Tangu siku hiyo jina la Kulwa halikutajwa tena katika nyumba ile.

Naomba maji kidogo. Asanteni.

Miaka ikapita, nikaolewa na Mathayo, mnamjua, fundi seremala wa hapa Mtendeni, anayechonga milango ya mninga na mizinga ya nyuki. Nikapata ujauzito. Nyumba nzima ilishangilia, mimi peke yangu ndiye nilikuwa naogopa. Hata hapa kanisani, siwalaumu, lakini maneno yalinifikia. Kwamba pacha humwita pacha mwenzie. Kwamba kilichomchukua Kulwa kinajua njia ya kwa Doto. Nilikuwa naketi kwenye cherehani, naweka mkono tumboni, najiambia, nitazaa, halafu nitatazama ukuta.

Kule kliniki kulikuwa na nesi mmoja mwenye kuuliza sana. Wenzangu walikuwa wanapimwa na kuondoka, mimi akanibakiza. Akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua huzuni baada ya kujifungua. Nilisema hapana. Kisha, sijui ni nini kilinishika, nikasema, "Alikuwepo dada yangu, lakini yake haikuwa ugonjwa."

Akaniambia nimweleze. Nikamweleza yote, mpaka ile mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, huo ni ugonjwa. Una jina, unaitwa sonona. Wewe hujalaaniwa. Ila kwa kuwa umepita nyumbani kwenu, na wewe una majonzi ya pacha wako, tusisubiri uje. Tuuwahi."

Tuuwahi! Ndugu zangu, mnajua nilivyolia pale? Malaria tunaiwahi, moto tunauwahi, hata treni tunaiwahi. Hili la dada yangu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nalo linawahika.

Simu yangu ilikuwa ya kupangusa, kioo kimepasuka kona. Yule nesi akaniwekea programu humo, ya Kiswahili. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Kila baada ya siku chache inakuuliza maswali: umelalaje, unakula, kuna jambo lililokufurahisha, unajiona mzigo kwa watu? Unachagua jibu. Inakupa somo fupi la kusikiliza, sauti ya mama mmoja mtulivu anayeeleza jinsi mawazo yanavyoweza kumdanganya mtu. Inakupa kazi ndogo ya kufanya siku hiyo. Na nyuma yake wapo watu kweli, washauri waliosomea, wanaoona majibu yako hata kama wako mji mwingine. Wenye simu za kitochi nao wanapata maswali hayo kwa ujumbe wa kawaida.

Nilipomwonyesha Mathayo, alicheka. Akasema, "Mke wangu, una mchungaji, una mama, una mimi. Unakwenda kumweleza simu?" Mama mmoja wa maombi, aliyenipenda kweli, alinishauri niifute, kwamba huko mtandaoni shetani ndiko anakokaa, na kwamba mimi ninajitabiria ugonjwa. Nikaogopa. Lakini nilikuwa nimemwona Kulwa, na kila nikitaka kuifuta naikumbuka ile mikono. Nikaiacha.

Daudi alizaliwa salama. Siku za mwanzo nilikuwa mtu mwenye furaha, mlikuja, mliniletea kuku na uji, mliimba uani kwangu. Nikasema, imepita. Kumbe ilikuwa haijafika.

Ilikuja polepole. Kwanza usingizi. Mtoto analala, mimi siwezi kulala. Kisha chakula kikawa hakina ladha, hata asali ya Mama kutoka nyumbani. Kisha nikaanza kuwaogopa ninyi. Nikiwasikia mnakuja kunisalimia, nalala najifanya nimesinzia. Na ile simu ikawa inaniuliza, nami nikawa naidanganya. Umelalaje? Vizuri. Unajiona mzigo? Hapana, hata kidogo. Nilikuwa najiambia mtu aliyeokoka hasononeki, na kwamba nikisema kweli nitakuwa nimewapa ushindi waliosema pacha ataniita. Basi nikabonyeza uongo, nikawa naonekana mzima kwenye kioo kilichopasuka.

Kisha ikaja ile siku. Ilikuwa baada ya adhuhuri, Mathayo yuko karakana, jua kali. Daudi alikuwa kitandani, akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni. Nikamsikia. Akalia sana, akalia mpaka sauti ikakwaruza, na mimi nimekaa. Nikaiambia mikono yangu, mchukueni. Haikunyanyuka.

Hapo ndipo nilipomwelewa dada yangu. Alikuwa amenieleza kwa maneno rahisi kabisa, na mimi nilikuwa nimeyasikia kwa sikio tu.

Jirani yangu ni Mama Aisha, yule anayepika vitumbua, mnamjua. Yeye ni Mwislamu, leo amekuja kunisikiliza, amekaa pale kwa akina mama. Alisikia mtoto analia bila kunyamazishwa, akaja bila kupiga hodi. Alinitazama. Nilisubiri aseme lile neno, mvivu. Hakulisema. Aliingia ndani, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga yake, kisha akarudi akakaa chini mlangoni pale, bega kwa bega na mimi. Tukakaa.

Simu ilikuwa mapajani mwangu. Maswali ya siku ile yalikuwa yanasubiri. Nikayafungua, na kwa mara ya kwanza tangu hali ile ianze nikajibu kweli. Nilichukua muda mrefu, kwa maana kila jibu lilikuwa zito kama kubeba ndoo. Nikafika kwenye swali linalouliza kama umewahi kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo. Naomba mnisamehe wazee wangu, nalisema kwa sababu humu ndani huenda yupo mwenzangu. Nikajibu ndiyo.

Haikupita muda, simu ikaita. Namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke ikasema, "Doto, mimi naitwa Rehema, ni mshauri. Nimesoma ulichojibu. Asante kwa kuniambia kweli. Uko na nani hapo?"

Nikasema niko na jirani.

"Mtoto yuko wapi?"

Nikasema yuko mgongoni kwa jirani.

"Basi mko salama sasa hivi, wewe na yeye. Usikate simu. Huna haja ya kusema jambo zuri. Sema lililopo."

Nikasema lililopo. Sijui nilisema nini. Najua nililitaja jina la Kulwa, na nikalitaja tena na tena, jina ambalo lilikuwa limefungiwa ndani ya nyumba yetu miaka yote ile. Yule dada hakunikatiza. Baadaye aliomba aongee na Mama Aisha, wakapatana nisiachwe peke yangu mpaka Mathayo arudi, na kesho yake niende hospitali, akanitajia mahali pa kwenda. Mama Aisha akaacha biashara yake ya jioni ile. Unga wa vitumbua aliokuwa ameukoroga uliumuka mpaka ukamwagika, na hajawahi kunikumbusha.

Mathayo aliporudi, Mama Aisha alimweleza kwa adabu, akaondoka. Mume wangu akakaa kwenye kitanda cha mbao alichokichonga mwenyewe. Nikamwekea lile somo, ile sauti inayoeleza jinsi mama anavyokuwa akishikwa na sonona. Alisikiliza ameinama, vumbi la mbao bado liko kwenye nywele. Lilipoisha akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani umenichoka." Tukalia wote wawili. Alikuwa ameyabeba yake peke yake, na mimi yangu, ndani ya nyumba ya chumba na sebule.

Kesho yake alifunga karakana tukaenda hospitali pamoja. Daktari alinisikiliza, akanipima, akasema tumeuwahi, haujashika mizizi. Rehema akawa ananipigia kila wiki. Na ile programu ikaendelea na kazi zake ndogo, ambazo mtu mzima anaweza kuzicheka. Leo oga kabla ya adhuhuri. Leo kaa juani na mtoto. Leo mwambie mtu mmoja ukweli. Kuna siku kazi yangu ilikuwa kushona mshono mmoja tu. Nikakaa kwenye cherehani, nikashona upindo wa pazia, nikainuka nimechoka kama niliyelima ekari.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa kupanda tu. Kuna siku bando liliisha, kuna siku umeme ulikatika na simu ikazima, na kuna siku vyote vilikuwepo ila mimi sikuwepo. Nilirudi nyuma mara nyingi. Lakini nilikuwa narudi nyuma watu wakiniona.

Wale washauri waliniunganisha na kundi la akina mama la mtandaoni, la kutumiana sauti. Wengine wako Nzega, wengine Urambo, wengine sijui hata ni wapi. Alikuwemo mmoja wa Urambo ambaye alikuwa haongei. Anabonyeza kurekodi, na sisi tukifungua tunasikia kuku, tunasikia mtu anatwanga kwa mbali, na yeye anapumua. Basi. Kila mara tulimjibu, tumekusikia. Ilichukua muda mrefu, halafu siku moja akasema, "Hamjambo." Mimi nilikuwa nakata kitambaa cha mteja. Niliweka mkasi chini nikashindwa kuendelea na kazi.

Daudi alipoanza kukaa mwenyewe, nilimpeleka Igalula akamwone bibi yake. Nilikuwa na nguvu kidogo. Limi alikuwa amekuwa msichana, anapiga deki, anacheka, na kicheko ni kilekile cha stesheni. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye kaburi, nikarudi.

Mama alikuwa anapepeta mahindi uani. Akaniuliza ni nini hicho ninachosikiliza kila asubuhi kwenye simu, mahubiri? Nikasema si mahubiri, ni somo la ugonjwa niliougua. Akasema nimwekee naye asikie. Niliogopa, ndugu zangu. Nilijua ninachomwekea. Lakini aliomba mwenyewe, na ni mama yangu. Nikaweka.

Ile sauti ikaanza. Inasema, anaweza kukaa muda mrefu akitazama mahali pamoja. Anaweza kumsikia mtoto akilia na asiweze kuinuka. Watu wa nyumbani wanaweza kudhani ni uvivu au kiburi. Ungo wa Mama ukasimama. Somo likaisha, mahindi bado yako mapajani. Kisha akauliza, "Huyu mama anayeongea, alimjua Kulwa?"

Nikasema hapana, Mama, hakumjua. Anasema habari za ugonjwa.

"Kwa hiyo alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa, Mama."

"Hakuwa mvivu."

"Hakuwa mvivu."

Aliweka ungo chini taratibu, akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Ndipo nikasikia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Majirani walitoka wakidhani kuna msiba mpya. Nilimfuata, nikamkuta amekaa kwenye udongo, ameweka kiganja juu ya kaburi kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nikakaa naye. Nilikuwa najilaumu, najiuliza kama nimemuua mama yangu kwa kumletea ukweli uliochelewa. Alipopata sauti, alinishika mkono akasema, "Usijute. Ungenificha, ningekufa nikiwa nimemkasirikia mwanangu."

Jioni ile aliniomba nilirudie lile somo. Akamwita Limi asikilize naye. Akamwambia, "Huyo ndiye mama yako. Alikuwa mgonjwa, nasi hatukujua."

Ndugu zangu, watu wengine wanataka niseme leo nimefunguliwa na huzuni yote imeondoka. Siwezi kusema hivyo mbele za Mungu. Bado namlilia pacha wangu. Abiria wakicheka pale stesheni, nageuka kumtafuta. Lakini nimejua kwamba huzuni ni kitu kimoja na sonona ni kitu kingine. Huzuni inaniliza, kisha naamka nampikia mtoto. Ile nyingine ilitaka kunichukua na mikono yangu, na haikunichukua. Huo ndio ukombozi wangu, na utukufu ni wa Bwana.

Na wale mnaosema simu ni ya shetani, mimi sibishani nanyi. Nasema tu kilichonipata. Niliomba miaka mingi Mungu anirudishie dada yangu, hakunirudishia. Alichonipa ni mtu wa kuniuliza swali kabla sijachelewa. Swali lilikuja kwa simu iliyopasuka kioo, likajibiwa mlangoni pa nyumba yangu nikiwa bega kwa bega na jirani wa dini nyingine, likamaliziwa hospitali. Siwezi kumchagulia Mungu mlango wa kuingilia. Simu peke yake isingeninyanyulia mtoto, ni Mama Aisha aliyemnyanyua. Lakini bila ile simu, sijui ni nani angejua cha kuniuliza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu Mathayo, na yule nesi, na Rehema ambaye sura yake sijawahi kuiona. Namshukuru mama yangu, aliyeniruhusu niyaseme haya kwa jina la Kulwa, bila kuficha.

Sasa nakugeukia wewe. Sijui umekaa benchi gani. Labda ni mama mwenye mtoto mchanga, labda ni baba uliyefiwa na hujasema, labda ni kijana unayeimba kwaya kwa tabasamu na ukifika nyumbani unavuta shuka usoni. Mtumaini Mungu, na umwambie mtu. Fanya yote mawili, usichague moja. Ibada ikiisha nitakuwa upande ule wa kisima, mimi na Mama Aisha. Ukiwa na simu tutakuwekea, ukiwa huna tutakusindikiza kliniki. Na kama unafika pale unakosa la kusema, njoo hivyo hivyo. Tutakaa na wewe.

Bwana awatunze. Naomba nikae.